Mama anadhani binti yake anachomelea mageti Ulaya

Jamani nimepotea, najua. Kuna msomaji ameniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika au nimepata kazi serikalini. Hapana kwa yote mawili. Nilikwenda nyumbani, Kyerwa, na huko nikapewa kazi ambayo sijawahi kupewa na mhariri yeyote: kumweleza mama mmoja mkulima wa kahawa kwamba binti yake si fundi wa kuchomelea vyuma.

Ngoja nianzie mwanzo.

Tarehe 8 Oktoba 2025 ilitangazwa Tuzo ya Nobel ya kemia. Walioshinda ni watatu: Susumu Kitagawa wa Japani, Richard Robson wa Australia na Omar Yaghi wa Marekani. Mhariri wa zamu akanitupia hiyo habari, "maneno mia mbili, fasta". Nikaandika kwamba wametengeneza "vitu vyenye vitundu vidogo", nikataja fedha za zawadi, nikatafuta picha, nikaenda zangu kula chipsi mayai. Usiku ukaingia ujumbe wa sauti kutoka Ujerumani. Ni rafiki yangu tuliyekaa dawati moja shule ya msingi, yeye, mimi na mtoto mwingine wa tatu aliyekuwa anatulalia. Sasa hivi anasomea shahada ya uzamivu ya kemia huko. Akasema: "Nimesoma habari yako mara mbili. Umetaja pesa mara mbili. Kemia hujaitaja hata mara moja."

Sikujibu usiku ule. Ningejibu nini? Kemia mimi niliikimbia. Shule ya sekondari tuliyosoma haikuwa na maabara. Kulikuwa na chumba kilichoandikwa MAABARA mlangoni na ndani yake wakaweka mahindi ya chakula cha wanafunzi. Mwalimu alichora bureti ubaoni kwa chaki, akachora chupa chini yake, akasema, "hapa sasa inageuka pinki", na sisi tukaandika kwenye madaftari: pinki. Ndiyo taitresheni yangu hiyo. Mwenzangu hakukubali. Jumamosi moja alichuma maua mekundu ya haibiskasi kwenye uzio wa kanisa, akayachemsha, akamimina maji yake kwenye vikombe viwili, kimoja akatia ndimu na kingine akatia maji ya majivu. Kimoja kikawa chekundu kabisa, kingine kikaelekea ukijani. Akaniita nione. Niliona, nikasema "kweli bwana", nikaenda kucheza mpira. Naamini siku ile ndiyo tuliachana njia.

Sasa kwa wasioijua Kyerwa. Hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Karagwe, kisha ikakatwa ikawa wilaya yake. Iko pembeni kabisa ya mkoa wa Kagera, ukivuka mto unakuwa Uganda kwa upande mmoja na Rwanda kwa upande mwingine. Watu wanaijua kwa mambo mawili, kahawa na bati. Bati limechimbwa kule tangu enzi za Waingereza, na hadi leo kuna mahali panaitwa Syndicate kwa sababu hiyo. Hata wanajiolojia wa dunia nzima wakizungumzia miamba ile wanaiita ukanda wa Karagwe-Ankole. Jina letu limo kwenye vitabu vyao, na mtu wa Nkwenda hana habari.

Nilipofika nyumbani tu nikaambiwa mama wa rafiki yangu ananitafuta. Kesho yake asubuhi nikaenda. Yuko kwenye kibanja chake kama siku zote, migomba juu, mibuni chini, maharage katikati. Kibanja hicho ndicho kilichotusomesha, nasema kilichotusomesha maana hata mimi nimekula sana pale. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera katikati ya miaka ya 2000 alikata na kufukia karibu nusu ya migomba yake, ikabaki kahawa kubeba ada. Na kahawa mnajua mambo yake. Kuna mwaka aliuza butura, yaani aliuza maua ya kahawa kabla hata hayajawa kahawa, kwa bei aliyotajiwa na mnunuzi, ili binti arudi shuleni Januari.

Akanikaribisha, akaleta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Tukasalimiana kwa kirefu, waitu, habari za mjini, habari za wazazi. Kisha akakaa sawasawa.

"Mwanangu, wewe ni mwandishi wa habari. Niambie ukweli. Mwenzako kule anafanya kazi gani?"

Nikasema anasoma kemia, Mama.

"Hiyo najua. Nilimuuliza kwenye simu, anafanya nini kila siku kuanzia asubuhi. Akaniambia anatengeneza vizimba vya metali." Akanyamaza kidogo. "Kijana wa jirani anatengeneza vizimba vya metali pale Omurushaka. Vya kuku. Na mageti. Hakumaliza hata darasa la saba."

Wasomaji, nilitaka kucheka, nikamtazama usoni nikaacha. Maana jambo lilikuwa limeshatoka nje ya nyumba. Wanawake wenzake wa jumuiya walishasikia. Na shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake, alishasikia pia, na yeye akalipeleka mahali pengine kabisa. Hoja ya huyo mzee ni hii: marehemu alimwandikia binti sehemu ya kibanja, upande wa mibuni mizuri. Binti hayupo, haolewi, harudi, na kumbe kule anachomelea mageti. Mtu wa mageti Ulaya kibanja cha Kyerwa ni cha nini? Apewe kijana wa ukoo anayekilima. Wazee walikuwa wamepanga kukaa Jumapili.

Naomba niseme jambo hapa. Mahakama Kuu Mwanza ilishaamua mwaka 1990, katika kesi maarufu ya Holaria Pastory wa huku huku Kagera, kwamba mila inayomzuia mwanamke kuuza shamba alilorithi wakati mwanamume anaruhusiwa ni ubaguzi unaokwenda kinyume na Katiba. Mwaka 1990! Lakini vikao vya Jumapili havisomi hukumu. Vinasikiliza maneno, na neno lililokuwa limetangulia ni hilo la mageti.

Kwa hiyo ilinibidi nieleze. Na mimi ndiye yule wa maneno mia mbili.

Bahati nzuri baada ya kugombezwa ule usiku nilikuwa nimesoma. Mama alikuwa anamenya ndizi za mchana. Nikaomba ndizi moja mbichi, nikaikata vipande vinne vidogo. Nikatoa kiberiti mfukoni, nikahesabu njiti sita. Nikachomeka njiti kwenye vipande: vitatu chini vikafanya pembetatu, cha nne kikakaa juu, kila kipande kimeshika njiti tatu. Kikasimama kikakaa kama kijumba kisicho na mlango. Nikamwekea juu ya ungo.

Nikasema, Mama, hiki ndicho kizimba. Hivi vipande vya ndizi ni metali, lakini si kipande cha metali unachoweza kushika, ni chembe moja moja, ndogo kuliko vyote unavyovijua. Njiti ni vitu vya jamii ya kaboni, kama vile vilivyomo kwenye dawa na kwenye kahawa yenyewe. Kizimba chote ni kidogo hivi: chukua alama moja ya milimita kwenye rula, igawe mara milioni moja, kipande kimoja kinaitwa nanomita. Kizimba kina nanomita mbili tatu hivi. Kuku haingii.

Akakiangalia. "Na nani anachomeka hizo njiti?"

Hilo ndilo swali. Nakwambieni nilisoma makala nyingi kabla sijaelewa kwamba hilo ndilo swali, na yeye alilifikia kwa dakika mbili. Jibu ni kwamba hakuna anayechomeka. Unaweka metali na njiti kwenye maji, unatikisa, wakati mwingine unapasha moto, na vinajijenga vyenyewe.

Mama amesuka vikapu tangu utoto wake. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kikapu kimejisuka. "Hakuna kitu kinachojisuka."

Nikamwambia siri iko kwenye idadi ya mikono. Kila metali ina namna yake ya kushika. Chuma, kile kile kilichomo kwenye damu, kikiwa katika hali fulani hushika atomi sita za naitrojeni, si tano, si saba. Na kila ncha ya njiti imetengenezwa iwe na vidole viwili vya naitrojeni. Basi kona moja ya chuma inatosha ncha tatu. Ukiwa na kona za ncha tatu tatu, na njiti zenye urefu na mkao ule ule, umbo linalofunga hesabu bila kubakiza mkono mtupu ni hili: kona nne, njiti sita. Metali nyingine inashika vingine. Paladiamu ina mikono minne, yote imelala sambamba kama njia panda. Mjapani Makoto Fujita mwaka 1990 aliitumia hiyo kutengeneza mraba, kona nne na njiti nne. Baadaye akatengeneza kizimba cha kona sita chenye kuta za pembetatu. Kazi ya mwanakemia, na ya binti yako, ni kukaa chini na kufikiri njiti ya umbo gani, metali ipi, ili vikitupwa pamoja vitoke kizimba anachokitaka na si uji.

"Na vikikosea kushikana?"

Vinaachiana. Kule kushikana si kwa gundi, kunaweza kuachia na kushika tena. Nikatafuta mfano nikaupata mbele yangu. Mama, mnunuzi wa maharage anapopima, si anatikisa debe? Kila akitikisa maharage yaliyokaa vibaya yanahama, yanashuka, hadi yanakaa pale ambapo hayashuki tena.

"Wezi wale," akasema, akacheka kwa mara ya kwanza. "Analitikisa mpaka debe moja linakula debe na nusu."

Basi na vizimba ni hivyo hivyo.

Akakichukua kile kijumba cha ndizi akakigeuzageuza. Akachungulia ndani. "Halafu humu wanaweka nini?"

Hapo sasa nikawa na raha, maana hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Nikamwonyesha kiberiti. Siku hizi ubavuni mwa kisanduku kuna fosforasi nyekundu, ambayo ni tulivu. Zamani njiti zilitengenezwa kwa fosforasi nyeupe, na hiyo ni shetani: inashika moto yenyewe ikikutana na hewa, na wafanyakazi wa viwanda vya viberiti ilikuwa inawaozesha taya. Mataifa yaliipiga marufuku kwa mkataba wa Bern mwaka 1906. Sasa mwaka 2009, kundi la Jonathan Nitschke wa Chuo Kikuu cha Cambridge, pamoja na wenzao wa Finland, walitengeneza kizimba cha chuma cha umbo hili hili, kona nne njiti sita, wakakiweka kwenye maji, wakaitia fosforasi nyeupe ndani yake. Ikatulia. Unaweza kuiacha hewani, haiwaki.

Na sababu yake ndiyo iliyonifanya nisilale siku nilipoisoma. Nilidhani ni kwamba kizimba kinazuia hewa. Sivyo, maelezo yao ni kwamba fosforasi ikitaka kuungua lazima iungane na oksijeni, na ikiungana inanenepa, na mle ndani hakuna nafasi ya kunenepea. Inakaa kimya kwa kukosa nafasi. Ukitaka kuitoa unatia benzini ya maabara, molekuli yake inaingia kizimbani na kuchukua nafasi, fosforasi inatoka, na ikitoka nje inaanza tena ushetani wake.

Kwa lugha yao kizimba kinaitwa mwenyeji na kilichomo kinaitwa mgeni. Kweli kabisa, siwatanii, ndivyo vitabu vyao vinavyoandika. Elimu hiyo ya mwenyeji na mgeni ilipata Nobel mwaka 1987, Cram, Lehn na Pedersen. Mama akasema, "Mgeni njoo mwenyeji apone." Akanisogezea tena kikapu cha kahawa.

Kisha akauliza nililokuwa naliogopa. "Inatibu nini?"

Wasomaji wangu, mnajua kazi yetu. Hapa ndipo mwandishi anaposema saratani. Ukisema saratani habari inapanda ukurasa wa mbele, na pale kwenye ungo ingekuwa imemaliza kesi ya Jumapili. Binti anatafuta dawa ya saratani, nani tena angeongea habari za mageti? Na si kwamba ni uongo mtupu, wapo watafiti wanaojaribu kuvitumia vizimba kubebea dawa mwilini. Lakini ni majaribio ya maabara, na rafiki yangu hafanyi hilo. Yeye anatafuta kizimba kinachochagua, kinachokubali molekuli moja na kukataa pacha wake.

Nikamwambia, Mama, kwa leo haitibu kitu.

Akanyamaza. Nikajaza kimya chake haraka haraka. Nikamwambia damu yako ni nyekundu kwa sababu kila siku inafanya jambo la aina hii, chembe ya chuma imeshikwa na naitrojeni nne kwenye pete, na oksijeni inakuja kukaa hapo kama mgeni na kuondoka. Jani la mgomba ni kijani kwa pete kama hiyo, ila katikati kuna magnesi. Nikamwambia hata nyumbani Tanzania wapo wanaojenga vitundu: wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Egid Mubofu na James Mdoe, walitumia mafuta ya maganda ya korosho kama kalibu ya kutengenezea silika yenye vitundu. Maganda tunayotupa! Nikamweleza na wale wa Nobel ya 2025. Wao hawakuishia kwenye kizimba kimoja kinachoelea peke yake, waliunganisha metali na njiti bila mwisho kama sega la nyuki, na Yaghi akatumia sega hilo kukamata maji kutoka kwenye hewa ya jangwani. Huyo Yaghi alizaliwa Amman, Jordani, kwenye familia ya wakimbizi wa Kipalestina, wakiishi chumba kimoja pamoja na ng'ombe waliokuwa wanawafuga.

"Chumba kimoja na ng'ombe," Mama akarudia. Katika yote niliyosema hilo ndilo lililomwingia. Nadhani aliliamini zaidi ya fosforasi.

Akauliza kama metali hizo zinatoka kwetu Syndicate. Nikasema hapana, paladiamu nyingi ya dunia inatoka Urusi na Afrika Kusini, na bati letu linaondoka likiwa bado jiwe ndani ya gunia. Hakushangaa.

Halafu kwa sauti ya chini, kama anajisemea: "Kumbe ni omuhesi." Omuhesi ni mhunzi. Mimi nikakumbuka Bweranyange, kwenye makao ya Mukama Rumanyika, ambako Stanley alipopita mwaka 1876 alionyeshwa hazina ya mfalme: bata wa shaba nyeupe wenye mabawa ya shaba nyekundu, ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Huku metali ilikuwa kitu cha ikulu, mageti yamekuja juzi. Nikamwambia. Akasema hayo ameyasikia tangu kwa bibi yake, nisimfundishe Karagwe.

Jioni nikampigia rafiki yangu nikamsimulia. Alicheka mpaka akalia, kisha akalia tu. Kwani yeye hakujua habari za Jumapili, mama yake hakumwambia. Nikamuuliza lile ambalo kila mtu pale nyumbani anataka kuuliza: ukimaliza utarudi? Ameshapewa nafasi ya kuendelea miaka miwili zaidi kule. Hakusema ndiyo wala hapana. Aliniambia kwamba kizimba hukioni kwa macho, unapiga fuwele yake kwa eksirei ndipo unajua atomi zimekaa wapi, la sivyo una chupa ya maji ya rangi tu. "Nikirudi," akasema, "nitaangalia kwa nini?" Sikuwa na la kumjibu. Nikamkumbuka mwalimu wetu na chaki yake. Nikamwambia ampigie mama yake usiku ule ule, na alipiga, waliongea saa nzima na salio likakata.

Jumamosi nilirudi kuaga. Kile kijumba cha njiti kilikuwa kabatini karibu na picha ya marehemu, vipande vya ndizi vimeshakuwa vyeusi. Mama akaniletea daftari la hesabu za kahawa na kalamu. Alitaka nimwandikie kwa Kiswahili kile binti yake anachofanya, nusu ukurasa, ausome mwenyewe mbele ya wazee kesho yake, asije akakosea. Nikakaa barazani karibu saa mbili. Nilifuta sana. Niliposhindwa na neno nilimuuliza yeye, na neno "vidole" kwa ajili ya ncha za njiti ni la kwake.

Akavaa miwani, akasoma taratibu mpaka mwisho, midomo ikicheza. Akanirudishia daftari akanyoosha kidole kwenye mstari wa tatu, akaniambia niondoe neno "supramolekuli", shemeji atadhani ni tusi.